Kipanya Kilichokataa Kupona

Siku hiyo jengo la vibanda vya simu na kompyuta lilikuwa limefura watu kama unga uliotiwa hamira. Kila kibanda kina spika yake, kila spika ina wimbo wake, na kila muuzaji anaamini umetoka kwenu kwa ajili yake peke yake. Katikati ya kelele hizo alisimama msichana wa gauni la njano, vifungo vyeupe kuanzia shingoni mpaka magotini, amelaza kipanya cha kompyuta kiganjani kama aliyeokota kifaranga mgonjwa.

"Kinakufa," akamwambia muuzaji. "Kinafanya kazi dakika kumi, kinakufa. Nakipigapiga, kinafufuka. Dakika tano, kinakufa tena."

"Hakina waya hiki?"

"Unauona waya hapo?"

"Basi kimezeeka, dada. Chukua hiki kipya, hata harufu ya kiwandani bado hakijaitoa."

"Usinunue," ikasema sauti nyuma yake.

Msichana akageuka. Mwanamume mrefu, shati la buluu lililonyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Bisibisi mbili zilichungulia kwenye mfuko wa kifuani, pale wenzake wanapochomeka kalamu.

"Wewe Taratibu!" muuzaji akafoka. "Riziki ya mwenzio unaipiga teke?"

Taratibu ndilo jina alilopewa na mtaa. Alikuwa fundi wa kompyuta, na neno hilo halikumbanduka mdomoni. Kompyuta iungue, mwenyewe alie, yeye atasema taratibu.

"Kipanya kama hiki hakitupwi," akasema. "Kinatibiwa. Taratibu."

"Na wewe nani, daktari wa panya?"

"Wa aina hii, ndiyo. Wale wa jikoni kwenu tafuteni paka."

Msichana alikuwa ameshaamua kutocheka. Akacheka. Na mwanamke akishacheka na meno ya nyuma yakaonekana, namba ya simu haiko mbali.

Msichana huyo mtaani walimwita Bi Kadi, kwa sababu alitengeneza kadi za harusi na vijitabu vya misiba katika duka la uchapaji la shangazi yake. Shangazi huyo, dada wa baba, alikuwa mwanamke mzito wa mwili na wa neno, miwani yake imefungwa mnyororo shingoni kama mbwa mkali. Ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyemfundisha kazi, na duka lake lilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kazi inayokwenda kwenye mashine kabla mtu wa pili hajaikagua kwa rula, mstari kwa mstari, picha kwa picha, na kutia saini kwa kalamu ya kijani pembeni.

Mtu huyo wa pili, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa Mama Gundi. Kazi yake kubwa ilikuwa kujalidi vitabu katika chumba cha nyuma. Vidole vyake vilijaa magamba ya gundi iliyokauka, na mguu mmoja wa miwani yake ulishikizwa kwa uzi wa kushonea majalada. Kalamu ya kijani alikaa nayo kwenye mtandio, akisahau iko wapi na kuitafuta kila siku.

Jumatatu fundi akaja dukani, akabadilisha betri ya kipanya. Kikapona siku moja.

Alhamisi akaja tena. Akakilaza chali, akakisafisha jicho la tumboni kwa pamba. Kikapona siku moja na nusu.

Wiki iliyofuata akasema kosa ni la kioo cha meza, kinakipofusha. Akatandika kadibodi. Akaja tena, akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akaikataza isikilaze kipanya usingizi kwa kubania umeme. Kila safari dawa moja, mgonjwa hapewi mbili kwa pamoja. Na kila safari shati limenyooka zaidi, na manukato yamepanda daraja.

"Huyu fundi anatibu au anapanga chumba?" Shangazi akauliza siku moja, macho juu ya miwani.

"Kipanya chenyewe kina mimba ya mapacha," Mama Gundi akajibu kutoka nyuma. "Kliniki kila wiki!"

Bi Kadi akainamisha kichwa, anatafuta kitu mezani ambacho hakikupotea.

Simu zao sasa zilikuwa na mtindo wake.

"Daktari, mgonjwa amezidiwa."

"Ana homa?"

"Hatembei. Nikimsukuma kulia, amekaa. Nikimwacha, anaruka mwenyewe."

"Na mwenye mgonjwa, hali yake?"

"Mwenye mgonjwa hana adabu. Ameanza kukukumbuka."

"Sikusikii. Unakatika. Rudia."

"Nimesema ameanza kukukumbuka!"

"Bado unakatika, mpenzi. Paza sauti kidogo."

"AMEANZA KUKUKUMBUKA!"

"Sisi tumesikia!" Mama Gundi akaitikia kutoka chumba cha nyuma, na upande wa pili wa simu fundi akacheka mpaka akakohoa. Simu ilikuwa safi kama maji ya chupa. Huo ndio ulikuwa mchezo wake: kila neno tamu lazima alisikie mara tatu.

Wiki ya tatu Bi Kadi alikuwa anafuta vumbi chini ya meza, kitambaa kikanasa nyuma ya kompyuta, kikang'oa kile kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinachopokea mawimbi ya kipanya. Kukirudisha mahali pake kulitaka kupiga magoti na kupapasa, na siku hiyo alivaa sketi iliyobana. Akakichomeka kwenye tundu la mbele, palipo karibu.

Kipanya kikatembea asubuhi hiyo kama mbuzi aliyetoroka kamba. Mchana kikatembea. Jioni kikatembea.

Hakuhitaji kusomea uhandisi. Kule nyuma kidude kilikaa kimebanwa kati ya bati la kompyuta na waya mnene wa diski ya nje, ile ya kutunzia kazi za wateja. Diski ikianza kuhangaika, nayo huhangaika kila baada ya dakika kadhaa, kidude hakisikii kitu. Ni kama kumnong'oneza mtu aliyekaa mlangoni pa kinu. Mbele kinasikia. Basi. Ugonjwa wote ndio huo.

Angefurahi. Mwenye akili timamu angefurahi. Yeye alikaa akikitazama kipanya kizima, akaona wiki ndefu isiyo na shati la buluu. Kabla ya kufunga duka akapiga magoti na sketi yake iliyobana, akakirudisha kidude nyuma, akakisukuma mpaka kikazama, akakung'uta mikono.

Asubuhi akapiga simu. "Daktari, mgonjwa amerudiwa."

Tangu hapo mambo yakaota mbawa. Wakawa wanakunywa juisi kwenye kona baada ya kazi, mirija miwili glasi moja. Bi Kadi akanunua viatu vyekundu. Fundi akaanza kutaja wazee wake, na mwanamume anayetaja wazee si wa kukanyagwa.

"Kuna chuo kinatafuta mtu wa kutunza kompyuta zao zote," akamwambia. "Shangazi yako akiniandikia barua kwamba kazi yangu ni safi, nimepita. Nikipita, mwezi huohuo nakuja kwenu na wazee."

"Na kipanya utamwachia nani?"

"Kipanya nakioa pamoja na wewe. Uke wenza."

Sasa ikaja ile Jumanne.

Mezani kwa Bi Kadi kulikuwa na kazi mbili. Kadi ya harusi ya kijana wa mtaa wa pili, na kijitabu cha mazishi ya mwalimu mstaafu, mzee wa miaka themanini na moja, anayezikwa kesho yake. Maneno ya kijitabu Mama Gundi alishayasoma asubuhi kwa rula. Alasiri watoto wa marehemu wakatuma picha mpya: baba yao amevaa suti nyeusi, amependeza kuliko ile ya kwanza. Iwekwe hiyo.

Picha ya mwalimu ikatua kwenye kompyuta ubavuni mwa picha ya bwana harusi, naye ana suti nyeusi. Bi Kadi akapeleka kishale juu ya mwalimu. Simu ikalia. Akaibana kati ya sikio na bega.

"Niko kwenye kona," fundi akasema. "Nimevaa lile shati."

"Lipi?"

"Lile ulilosema likifuliwa tena utaliiba."

Kishale kikafa. Akakisukuma, kimelala. Akabonyeza, hakuna. Akabonyeza tena, akakitikisa kipanya kwa hasira, akabonyeza mara ya tatu, kikazinduka, kikaruka, na picha ikaingia kwenye jalada. Skrini alikuwa ameikuza kwenye majina ya chini. Kule juu ilionekana tai tu na ncha ya kidevu. Suti nyeusi, tai. Imetosha. Macho yake yalishatoka dirishani yanatafuta shati.

Mama Gundi akaja na rula yake. "Haya, lete niangalie."

"Mama, si umeshasoma asubuhi? Ni picha tu imebadilika. Nitilie saini, nachelewa."

"Picha sijaiona, mwanangu."

"Nimeiona mimi."

Mama Gundi akatazama dirishani, akaliona shati la buluu kwenye kona. Akatikisa kichwa, akacheka kwa pua. "Kimbia basi, kabla hajaanza kuota mizizi." Akatafuta kalamu kwenye mtandio, akaikuta, akasaini ile karatasi ya majaribio ya asubuhi.

Asubuhi Shangazi akawasha mashine. Shangazi huwa anatazama saini, hatazami picha. Vijitabu mia tatu vikakunjwa, vikafungwa kwa karatasi ya kahawia, vikachukuliwa.

Vilifunguliwa msibani, watu wameshaketi. Juu: "Pumzika kwa amani, mwalimu wetu." Chini: miaka themanini na moja, watoto saba, wajukuu ishirini. Na katikati, ua kifuani, meno yote thelathini na mawili nje, bwana harusi.

Kijana mwenyewe alipigiwa simu ishirini na kitu kuulizwa amefariki saa ngapi, naye akawa anazipokea. Mama yake, aliyekuwa msibani hapo hapo, alidondoka katikati ya mabenchi. Upande wa bibi harusi wakasema harusi isogezwe kwanza. Mtaa ulicheka wiki nzima, na nani angejizuia? Ila yuko mmoja ambaye hakucheka. Mjane wa mwalimu alikigeuza kile kijitabu mbele na nyuma, akakifungua, akakifunga, akamuuliza mwanawe taratibu, "Baba yenu wamemweka wapi?"

Maneno hayo ndiyo wale watoto walikuja nayo dukani. Hawakupiga kelele. Wangepiga kelele ingekuwa nafuu.

Walipoondoka Shangazi akaweka kijitabu mezani, akaweka na karatasi ya majaribio yenye saini ya kijani. "Ya nani hii?"

"Yangu," akasema Mama Gundi.

"Picha uliiona?"

Bi Kadi alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa jepesi: nilimwambia asiangalie. Akainamia meza, akaanza kupanga kalamu.

Mama Gundi akamtazama. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama anayemsubiri mtu mlangoni, amshikie mlango. Alipoona hatoki, akaufunga.

"Saini ni yangu," akasema. "Mtu akisaini, ameona."

Akavua aproni. Akaikunja mara nne. Akaweka juu yake ufunguo wa kabati la nyuzi, rula, na ile kalamu, ambayo safari hii hakuitafuta. Miaka kumi na tisa ikatoka kwa mlango wa mbele, na mlango ukajirudisha wenyewe.

Bi Kadi akampigia fundi kutoka stoo. "Njoo. Mwambie Shangazi kwamba kipanya ni kibovu, kinaruka chenyewe. Mama wa watu ameondoka kwa ajili yetu."

"Nakuja, mpenzi. Taratibu."

Akaja. Shangazi akamwambia, "Fundi, kikague hiki kidubwana, uniandikie kwa mkono wako. Nataka kujua kosa liko wapi."

"Sawa, Mama."

Shangazi akageuka kupokea simu. Na hapo Bi Kadi akaona jambo. Fundi hakugusa betri. Hakukigeuza kipanya. Hakupapasa, hakuchungulia. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja nyuma ya kompyuta, kama mkono wa mtu anayewasha taa ya chumbani kwake, ukachomoa kile kidude, ukakichomeka mbele. Kisha akakizungusha kipanya mezani, kulia, kushoto. Kikatii kama mtoto wa shule mbele ya mgeni.

Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi nzuri: *Nimekagua kipanya. Ni kizima. Kosa ni la ukaguzi.* Akatia saini.

Bi Kadi alimdaka kwenye ngazi.

"Ulijua."

"Nini?"

"Kidude. Umekiendea kama umekiweka wewe. Ulijua tangu lini?"

Fundi akatazama viatu vyake, kisha akatabasamu, lile tabasamu la kwenye vibanda. "Tangu siku ya kwanza. Kabla hata sijakaa nilikiona pale ubavuni mwa diski. Lakini ningekitibu siku ileile, ningekuja kufanya nini tena? Ningekuonaje?" Akamshika mkono. "Unanilaumu?"

"Mimi nilijua wiki ya tatu," akasema Bi Kadi. "Nilikuwa nakirudisha mwenyewe. Kwa magoti."

Wakatazamana. Siku nyingine yoyote wangeanguka hapo ngazini kwa kicheko, wangekuja kuwasimulia wajukuu mpaka wajukuu wachoke. Fundi kweli alianza kucheka. Bi Kadi alijaribu, kikatoka kitu kingine.

"Basi tumelingana, mpenzi wangu! Na mambo yamekwisha vizuri. Karatasi imesema kosa la ukaguzi. Wewe umebaki na kazi, mimi nimebaki na jina. Barua ya chuo Shangazi yako ataniandikia. Mwezi ujao nakuja kwenu na wazee, nakuoa."

Posa yenyewe ikawa hiyo, kwenye ngazi, kati ya ndoo ya deki na mlango wa choo.

"Na Mama Gundi?"

"Taratibu. Mama Gundi mtu mzima, macho yenyewe yalikuwa yameshafika kituo cha mwisho. Angekaa miaka mingapi tena?"

"Hata mmoja ungekuwa wake."

"Unataka niseme nini? Kwamba nilikuja mara sita, nikaacha ugonjwa kwa makusudi? Fundi akisema hivyo, nani atamfungulia mlango? Nifikirie na mimi. Tufikirie sisi."

Alimfikiria. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe: alimfikiria siku tatu nzima. Alijiona na gauni jeupe. Alijiona jikoni kwake, shati la buluu limetundikwa mlangoni. Na siku hizo tatu kipanya kilifanya kazi bila kukwama hata mara moja. Kila kilipomtii alijihisi amepigwa kofi. Chumba cha nyuma hakuna aliyeitikia simu zake.

Siku ya nne akasimama mbele ya meza ya Shangazi, akasema yote. Kidude, diski, juisi, saini, magoti. Hakuacha kitu ndani, hata la sketi alilisema.

Shangazi akavua miwani. Ikaning'inia kwenye mnyororo wake, imetulia.

"Nyumbani kwangu utakula, utalala. Damu ya kaka yangu siitupi," akasema. "Ila duka langu, leo ndiyo mwisho."

"Nimekosa, Shangazi."

"Kosa ningekusamehe palepale. Hata mimi niliwahi kuwa na miaka yako, usinione hivi. Hizi siku tatu, mwanangu. Ulikaa hapo siku tatu unaniamkia."

Siku hiyohiyo Shangazi akaichukua ile karatasi ya fundi, akaenda nayo duka kwa duka mtaa mzima, anaisoma kwa sauti, kisha anasimulia ule ugonjwa ulioachwa kwa makusudi. Barua ya chuo nayo aliiandika: mistari miwili, na haikumsifu mtu.

Simu ikalia jioni.

"Umenivua nguo barabarani!" fundi akasema.

"Nilianza kujivua mimi."

"Nilikupenda, nikakupa na ndoa, ukaenda kuniuza kwa ajili ya bibi wa gundi!"

"Ana jina lake. Unalijua?"

Hakulijua. Mara sita alikuja duka lile. Akakata simu.

Bi Kadi akaenda kwa Mama Gundi na kilo ya sukari mkononi, maana mikono mitupu haiombi radhi. Shangazi alishatangulia asubuhi kumwomba arudi, akakataliwa. Mama Gundi alikuwa uani anaanika nguo za wajukuu.

"Sirudi," akasema kabla hajaulizwa. "Miaka kumi na tisa naangalia kazi za shangazi yako, na ile siku moja hakuniuliza hata mara ya pili."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nilijua umenikimbiza kwa ajili ya mwanamume. Nilimwona, si nilicheka? Na mimi niliwahi kumkimbilia mtu kwenye kona." Akabana nguo kwa kibanio. "Ila mimi nilikimbia kwa miguu yangu. Wewe ulipanda mgongo wangu."

Sukari akaipokea. Kiti hakumpa.

Miezi saba ikapita. Bi Kadi alipata kazi kwenye ofisi ndogo ya kuchapa karatasi za shule, chumba kimoja na dirisha moja. Wenzake walimwona msumbufu. Hakusaini kitu mpaka atazame uso kwa uso, jina kwa jina, na rula juu. Siku moja akaagizwa akanunue kipanya. Akavaa gauni la njano, lililobadilishwa vifungo viwili, akaenda kulekule kwenye vibanda.

"Dada wa kifaranga!" muuzaji akapiga kelele. "Leo umechelewa, duka linakungoja tangu mwaka jana!"

"Nataka chenye waya."

"Vyenye waya wananunua wazee, dada."

"Basi nipe shikamoo yangu na kipanya changu."

"Usinunue," ikasema sauti nyuma yake.

Shati lilikuwa lilelile, ila pasi ilikuwa imelikatia tamaa. Bisibisi imebaki moja. Amekonda, na kukonda kulimpendeza, jambo ambalo Bi Kadi aliliona kwa hasira. Fundi akafungua begi, akatoa kipanya kidogo cheusi, waya umezungushwa na kufungwa utepe mwekundu uliochakaa.

"Natembea nacho miezi mitano. Nilijua utapita hapa." Akakiweka kiganjani mwake. "Hiki hakikatiki. Ukikivuta kinakuja."

"Hata kama hakitaki?"

"Kinataka. Kimenituma nikuambie."

Akacheka. Hakutaka; meno ya nyuma yalitoka yenyewe. Moyo ukamruka kama kishale kilichozinduka. Miezi saba hakuna mtu aliyemchekesha.

"Turudiane, Kadi wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimejifunza. Nimepata kazi nyingine, ndogo, lakini yangu. Wazee wangu bado wananiuliza yule binti yuko wapi."

"Ulikwenda kwa Mama Gundi?"

"Ningemwambia nini?"

"Hata usingesema. Ungekwenda ukasimama."

"Mambo yale yameshapita, mpenzi. Watu wamesahau."

"Mjane wa mwalimu amesahau?"

"Taratibu..."

Bi Kadi akakitazama kile kipanya, akaunyoosha utepe kwa kidole, akakirudisha mkononi mwa mwenyewe. Akamlipa muuzaji, akatia cha kwake kwenye mkoba, akapenya kati ya watu kuelekea ngazi.

Alikuwa ngazi ya tatu simu ilipolia. Ile namba alishaifuta kwenye simu mwezi wa kwanza. Kichwani ilikataa kufutika. Akapokea.

"Nitakwenda," fundi akasema, anahema. "Kwa Mama Gundi. Kesho ukitaka. Ila ukubali kwanza kurudiana na mimi. Ukikubali, tunakwenda wote."

Akainua macho. Fundi alikuwa amesimama juu kwenye reli, simu sikioni, kipanya mkononi, waya umefunguka unaning'inia mpaka usawa wa vichwa vya watu.

"Umenisikia?"

Spika zote zilikuwa zinaimba. Mtoto alikuwa analilia aiskrimu. Na katikati ya yote hayo alimsikia vizuri kabisa, hata pumzi yake, hata kule kumeza mate.

"Sikusikii," akasema. "Unakatika."

"Nimesema nakupenda!"

"Bado unakatika."

"NAKUPENDA!" Jengo zima likageuka. Wanawake wawili wakapiga vigelegele bila kujua ni vya nani.

"Hapana," akasema Bi Kadi polepole, machozi yanamfika kidevuni, "sikupati kabisa." Akaizima simu, akashuka ngazi zilizobaki.